Maana ya usahihi katika upandikizaji wa meno kwa kielekezi

Kipandikizi cha jino ni skrubu ndogo, aghalabu ya titani, inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya ili ishike nafasi ya mzizi wa jino lililong'oka, kisha juu yake hufungwa jino la bandia. Daktari anaweza kutoboa mfupa huo kwa jicho na uzoefu wake tu, au akatumia kielekezi, yaani kifaa cha plastiki kinachovalishwa juu ya meno au fizi, chenye matundu yanayoilazimisha keekee kupita mahali palipopangwa kabla kwenye kompyuta. Njia hii ya pili ndiyo inayoitwa upasuaji wa kuelekezwa.

Usahihi wake ni tofauti iliyopo kati ya mahali kipandikizi kilipopangwa na mahali kilipokaa kweli. Tofauti hiyo hupimwa kwenye mdomo wa tundu lililotobolewa mfupani, kwenye ncha iliyozama ndani ya mfupa, na katika pembe ya mwinamo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalipata wastani wa milimita 1.2 kwenye mdomo wa tundu, milimita 1.4 kwenye ncha, na nyuzi 3.5 za mwinamo. Mwinamo huo usidharauliwe: kipandikizi chenye urefu wa milimita 10 kikiinama nyuzi 3.5, ncha yake husogea zaidi ya nusu milimita hata kama mdomo wa tundu uko pale pale palipotakiwa.

Katika taya la chini hupita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia, na ikijeruhiwa mgonjwa anaweza kubaki na ganzi kwa miezi, wakati mwingine kwa maisha yake yote. Ndiyo maana madaktari huacha nafasi ya angalau milimita 2 kati ya ncha ya kipandikizi na mfereji wa neva hiyo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wagonjwa wengi hupotoshwa wanapoambiwa kwamba kompyuta haikosei, kwani wastani wa milimita 1.4 maana yake ni kwamba wapo waliopata chini ya hapo na wapo waliozidi, na nafasi ile ya usalama imewekwa kwa ajili ya hao waliozidi.

Kosa huanza mapema na hujikusanya. Mgonjwa akitikisika wakati wa kupigwa eksirei ya pande tatu, au picha hiyo isipolingana vema na umbo la meno lililochukuliwa kwa skana, mpango mzima huhama. Kielekezi kinachoegemea meno imara hutulia vizuri kuliko kinachoegemea mfupa uliofunuliwa, na pale meno ya nyuma yalipokwisha kabisa, upande usio na egemeo huweza kubonyea daktari anapotoboa.

Kwa mgonjwa anayetoka Kondoa au Mpwapwa kuja kutibiwa Dodoma mjini, muda kati ya vipimo na upasuaji ni jambo la kuangalia kwa makini. Akipimwa leo, akarudi nyumbani, na kabla ya siku ya upasuaji jino likavunjika, likazibwa upya au likahama, kielekezi kilichotengenezwa kwa umbo la zamani hakitakaa sawasawa. Plastiki yenyewe nayo huweza kupinda kwa joto, kwa hiyo haifai kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Daktari makini hukijaribisha kinywani kabla ya ganzi na kuchungulia kama kimegusa meno pande zote; kikicheza, upasuaji huahirishwa.

Kuna pia sababu ya kimwili isiyohusu kompyuta hata kidogo. Keekee za kazi hii ni ndefu kuliko za kawaida, hivyo mtu asiyeweza kupanua kinywa sana hupata shida kwenye magego, na kielekezi kikifunika mfupa huzuia maji ya kuupoza, ilhali joto la nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja linatosha kuudhuru. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake kielekezi kitaegemea wapi, na milimita ngapi zimeachwa hadi kwenye neva.