Saratani iko mlango wa kizazi, mbona inapimwa figo?

Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi akipanda kitanda cha altrasaundi, mpimaji hamalizii nyonga. Hupanda hadi ubavuni kutazama figo, na wengi hudhani anatafuta saratani iliyosambaa huko. Sivyo. Ni nadra saratani hii kuota kwenye figo. Figo anayoitafuta mpimaji kwa kawaida haina seli hata moja ya saratani. Imejaa maji tu, yaani mkojo uliokwama kwa sababu uvimbe umebana mrija unaoushusha kutoka figoni hadi kibofuni. Hata hivyo, kwa mpangilio wa hatua za saratani wa FIGO (kifupi cha shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, si figo ya mwilini), figo moja ikijaa maji kwa sababu hiyo, ugonjwa huhesabiwa angalau hatua ya 3B.

Dhana nyingine ni kwamba mgonjwa angejua mwenyewe. Mrija ukibanwa polepole huenda asiumwe kabisa, na figo ya pili ikiwa nzima, mkojo hutoka kama kawaida na kreatinini, kipimo cha damu cha utendaji wa figo, husoma vizuri.

Chanzo ni ujirani. Mrija wa mkojo, wenye upana wa milimita 3 hadi 4, hupita sentimita 2 hivi kando ya mlango wa kizazi. Uvimbe ukitambaa pembeni huukanyaga, kama mguu juu ya mpira wa kumwagilia bustani. Ila mpira huu una misuli: huendelea kusukuma mkojo kwa mawimbi hadi unachoka na kutanuka, na maji hurudi figoni. Ajabu ni kwamba mrija usio na tatizo kwa kawaida hauonekani kwa altrasaundi, hujitokeza ukishaharibika.

Mkojo uliokwama huonekana kama weusi ulioungana katikati ya figo. Mishipa ya damu nayo ni myeusi, kwa hiyo Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inayotembea, huwashwa kuitenga. Kibofu kilichofurika pia huweza kutanua figo zote mbili kidogo: mgonjwa akojoe, apimwe tena baada ya nusu saa hivi. Kinyume chake, aliyekaukiwa maji mwilini anaweza kuonyesha figo safi ilhali mrija umebanwa.

Kibofu chenyewe hutazamwa kikiwa na mkojo wa kiasi. Kwa kipimo cha njia ya uke, kichwa cha mashine husukumwa taratibu: ukuta wa kibofu ukiteleza juu ya mlango wa kizazi, ni dalili njema. Usipoteleza, huenda ni kovu la upasuaji wa uzazi, kwa hiyo hatua ya 4A, yaani saratani kuingia kibofuni, huthibitishwa kwa kamera ya kibofu na kinyama kinachopimwa maabara.

Sisplatini, dawa inayoambatana na mionzi, huondoka mwilini kupitia figo na huweza kuziumiza. Kwa hiyo mirija yote miwili ikibanwa na figo zikianza kushindwa, kwanza mkojo hufunguliwa njia: kwa kijimrija cha ndani, au kwa kingine kinachopenyezwa mgongoni hadi kwenye figo.