Kilo zimeshuka, nguvu je?

Siku hizi wengi wanaonijia kwa maumivu ya magoti tayari wameanza sindano ya kupunguza mwili. Wengine wameandikiwa na daktari wa kisukari Mombasa, wengine wameletewa na jamaa walioko ng'ambo. Ozempic, Wegovy, Mounjaro: majina wanayataja bila kusitasita. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Lamu. Sindano hizo siziandiki wala sizikatazi, na kwa mwenye kisukari au unene unaomlemea nimeona zikifanya kazi ambayo miaka ya kujinyima haikuifanya. Kinachonisumbua ni kwamba kila mtu anahesabu kilo ngapi zimetoka, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi.

Mtu akikonda, hayaondoki mafuta peke yake. Ndivyo ilivyo hata kwa aliyekonda kwa kujinyima chakula bila dawa yoyote. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi, dawa iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy, uliochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68, na waliopewa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Watu 140 kati ya washiriki walipimwa kwa mashine ya eksirei inayotenganisha mafuta, mifupa na nyama za mwili. Takriban asilimia 40 ya uzito uliotoka haikuwa mafuta. Kwa tirzepataidi, dawa iliyomo ndani ya Mounjaro, vipimo vya namna hiyo vilionyesha karibu robo.

Tusitishane. Katika hesabu hiyo ya "visivyo mafuta" mna maji, ini na viungo vingine, si misuli tu. Tena kwa kuwa mafuta yalipungua zaidi, mwili uliobaki ulikuwa na uwiano mzuri kuliko mwanzo. Kijana wa miaka 30 anaweza kupoteza kiasi hicho na asihisi lolote. Lakini mama wa miaka 65, ambaye umri ulishaanza kumla misuli kabla ya sindano, hana cha kupoteza.

Mama mmoja wa Langoni alinijia akiwa na furaha, buibui limemlegea. Nikamwomba ainuke barazani bila kushika kitu. Alijisogeza hadi ukingoni, akaweka viganja juu ya mapaja, akajisukuma, akarudi chini. Mara ya pili alishika mwimo wa mlango. "Mwanangu, magoti hayaniumi tena," akaniambia, "lakini ngazi za nyumbani zanishinda." Anayezijua nyumba zetu za mawe anazijua na ngazi zake, zilivyo wima na vidato virefu. Magoti yalipumua kwa kuwa mzigo umepungua. Mapaja nayo yalikuwa yameliwa.

Nilimuuliza anakula nini. Asubuhi chai na nusu hamri. Mchana vijiko vichache vya wali kwa mchuzi. Samaki hamtaki, harufu inamtia kichefuchefu. Usiku chai tena. Hapo mambo yote yalikuwa wazi.

Dawa hizi huiga homoni ya utumbo inayouarifu ubongo kwamba umeshiba, na huchelewesha chakula kutoka tumboni. Hamu ikipotea, watu wetu hubaki na kile kinachopita kwa urahisi, nacho ni chai, mkate na wali. Kinachoachwa sahanini ni samaki. Mwili una ghala la mafuta, lakini la protini hauna. Protini ikikosekana kwenye chakula, huchumwa kutoka kwenye misuli yenyewe.

Kwa hiyo namwambia kila anayedungwa: anza na samaki, wali utaufuata ukibaki na nafasi. Kiwango kinachopendekezwa na wengi kwa anayepunguza uzito ni gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kwa mwenye unene hesabu hupigwa kwa uzito anaoulenga. Anayelenga kilo 70 anahitaji angalau gramu 84. Mayai mawili yana gramu 12. Kipande cha changu au nguru cha gramu 150, kikishapikwa, kina kama 35. Kikombe cha mbaazi za nazi ni 10 hivi, bilauri ya maziwa ni 8. Ongeza kipande kingine kidogo cha samaki usiku, umefika. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji duka la unga wa protini, ingawa kwa anayetapika kila akiona chakula unga huo ni msaada wa kweli na simkatazi. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Kuhusu harufu: chakula cha moto hunukia kuliko kilichopoa. Samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, akiliwa amepoa, mara nyingi hupita pale ambapo mchuzi unaofuka moshi unakataa. Maziwa lala hupita pia. Viazi vya karai na bajia huzidisha kichefuchefu kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu.

Chakula peke yake hakitoshi. Msuli hubaki pale unapotakiwa kufanya kazi nzito, na kutembea si kazi nzito kwake. Matembezi ya ufukweni hadi Shela yana faida kubwa kwa moyo na kwa sukari, nami nayapenda, lakini hayatayaokoa mapaja. Kinachotakiwa ni mzigo, mara mbili au tatu kwa wiki, pawe na siku ya kupumzika katikati. Mama yule tulianza na kuinuka kitini. Tuliweka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu, mikono ikakunjwa kifuani, akainuka mara nane, akapumzika, akarudia. Alipozoea tukaondoa mto. Alipozoea tena, akakumbatia mtungi mdogo wa maji. Mwili ukizoea mzigo bila kuongezewa, hauna sababu ya kushikilia msuli, kwa hiyo zile mara mbili za mwisho lazima ziwe ngumu. Kwa mikono, alisukuma ukuta, kisha ukingo wa meza. Kisha akabeba mitungi miwili, mmoja kila mkono, akitembea ukumbini huku na huku. Yote aliyafanya nyumbani kwa stara, hakuhitaji jimu.

Mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamishwe baada ya tarawehe, na futari isiwe kaimati na uji tu. Tende na maji, kisha mayai au supu ya samaki kabla ya vitamu, na daku lisipite bila protini.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu wengi huacha sindano, aghalabu kwa bei. Washiriki wa utafiti ule wa semaglutaidi walioacha dawa walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Mafuta hurudi yenyewe, msuli haurudi bila kazi. Mtu akianza na kuacha mara kadhaa bila mazoezi, anaweza kuwa na kilo zilezile za zamani na miguu dhaifu kuliko ya zamani.

Pamoja na mizani, basi, jipime nguvu kila mwezi. Kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, inuka na ukae mara tano haraka uwezavyo, mtu akutazamie saa. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2019 huhesabu zaidi ya sekunde 15 kuwa dalili ya udhaifu wa misuli. Andika namba hiyo kando ya kilo zako, mpelekee daktari zote mbili.

Semaglutaidi ya kupunguza uzito huanza kwa miligramu 0.25 kwa wiki na hupandishwa hatua kwa hatua hadi 2.4. Sekunde zako zikiongezeka, au protini ikikushinda wiki baada ya wiki, muombe daktari akubakishe kwenye dozi uliyopo, au akushushe, hadi ule vizuri. Na ukipitisha siku nzima huwezi kula wala kunywa, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.