Nani amehesabiwa? Dhana potofu kuhusu vyuo vya jamii vya Marekani

Ndugu mmoja alinipigia simu kutoka Morogoro, usiku kwao. Mwanawe amehamia Marekani kwa mjomba wake na anataka kuanza masomo katika chuo cha jamii kilicho karibu. "Dada, nimekiangalia mtandaoni," akaniambia. "Wanaohitimu ni kama robo tu. Huko si kumpoteza mtoto?"

Swali lake ni la haki. Nimeliulizwa na Wakenya, na Watanzania, na Wakongo waliofika kama wakimbizi, na kila mara najibu kwa simu mpaka salio linaisha. Safari hii naliandika jibu, maana watu wetu wengi huanzia kwenye vyuo hivi. Ni vyuo vya umma vya miaka miwili, karo yake ni nafuu, na vinampokea karibu kila anayebisha hodi. Cha kwanza kilichodumu mpaka leo kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Mimi mwenyewe nilipitia kimojawapo, na siku hizi huwasaidia wengine kujaza fomu na kuandika insha zao.

Dhana: Wakihitimu wachache, chuo ni kibovu

Asilimia aliyoiona ndugu yangu inatokana na sheria ya mwaka 1990, inayovitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vitangaze vinahitimisha wangapi. Miongoni mwa walioisukuma sheria hiyo katika Congress, bunge la Marekani, walikuwa Bill Bradley na Tom McMillen, wote wawili wachezaji wa zamani wa mpira wa kikapu. Walitaka kijana anayebembelezwa na chuo kwa sababu ya kipaji chake uwanjani ajue mapema kama atatoka na cheti au mikono mitupu. Nia ilikuwa njema. Lakini kipimo kilichotokea kilikatwa kwa vipimo vya mwanafunzi wa aina moja: ndiyo mara yake ya kwanza chuoni, ameanza msimu wa vuli, na anasoma muda wote. Akimaliza ndani ya asilimia 150 ya muda wa kawaida, yaani miaka mitatu kwa kozi ya miaka miwili, amehitimu. Asipomaliza, hakuhitimu.

Sasa, katika vyuo vya jamii takriban theluthi mbili ya wanafunzi hawasomi muda wote.

Tuchukue mama wa kwetu anayehudumia wazee zamu ya usiku. Digrii ya miaka miwili ina krediti kama 60, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Yeye anaweza masomo mawili kwa muhula, krediti 6, mihula miwili kwa mwaka. Piga hesabu: atamaliza mwaka wa tano. Na kwa kuwa alianza na krediti 6, wakati wa muda wote ni mwenye 12 na kuendelea, hayumo kabisa katika asilimia ile. Hakuhesabiwa kwa waliofaulu wala kwa walioshindwa. Ni kama hakuwahi kukanyaga pale.

Mdogo wake alianza kwa nguvu zaidi, krediti 12 muhula wa kwanza. Mtoto akaugua, akashuka mpaka 6 katika kila muhula uliofuata. Zilibaki krediti 48, sawa na mihula minane. Atavaa joho baada ya miaka minne na nusu, ukoo mzima utapiga vigelegele ukumbini, na jedwali la miaka mitatu litakuwa limeshamweka zamani kundi la wasiohitimu.

Wizara ya Elimu ya Marekani iliiona kasoro hii. Kuanzia ukusanyaji wa takwimu wa 2015–16 iliongeza jedwali jingine, linalowahesabu pia wanaochukua masomo machache na waliowahi kusoma kwingine, na kuwafuata mpaka miaka minane. Takwimu hizo ni za umma, hazilipiwi. Sisemi kwamba ukizitazama kila chuo kitageuka kuwa kizuri. Vipo vyuo ambavyo hata baada ya miaka minane watu wengi wameondoka bila cheti, na hilo ni tatizo la kweli. Ila angalau unakuwa umehesabu watu waliopo, si wale tu wanaolingana na fomu.

Dhana: Aliyehama kabla ya kumaliza ameshindwa

Hapa sitakaa sana. Wengi hujiunga na chuo cha jamii wakiwa na nia ya kuhamia chuo kikuu, kwa kuwa miaka miwili ya mwanzo huko ni ghali. Akihama baada ya mwaka mmoja na nusu bila kuchukua cheti, kipimo cha zamani hakimhesabu kama mhitimu. Waliohama huandikwa mstari wa pembeni ambao wazazi wengi hawashuki kuusoma. Kwenye College Navigator, tovuti ya serikali kuu ya kulinganisha vyuo, asilimia hizo mbili zimewekwa pamoja. Soma zote, kisha uulize chuo krediti ngapi zinapokelewa kule mwanafunzi anakokwenda. Kuna watu wamehama na kujikuta wanarudia masomo waliyokwisha kuyalipia.

Dhana: Mtihani wa kuingilia unajua uwezo wako

Kwa miaka mingi mgeni alipofika chuoni aliketishwa mbele ya kompyuta, akajibu maswali ya hisabati na Kiingereza, kisha akapangiwa darasa. Akipata alama za chini alipelekwa masomo ya maandalizi. Unayalipia, yanakula msaada wako wa masomo, yanakula jioni zako, na krediti zake haziingii katika digrii.

Judith Scott-Clayton na wenzake wa kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii, Columbia University, waliichunguza mitihani hiyo. Waligundua kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne katika hisabati, na mmoja kati ya watatu katika Kiingereza, walipangiwa mahali pasipowafaa kabisa, na zaidi ni wale walioshushwa chini ya uwezo wao. Alama za miaka ya sekondari zilitabiri vizuri zaidi. Mtihani mmoja uliotumika sana, COMPASS, uliondolewa mwaka 2016 na shirika lenyewe lililoutunga, ACT. Mwaka 2017 California ikapitisha sheria ya AB 705, inayovitaka vyuo vyake vya jamii vitazame rekodi za sekondari na visimpeleke mtu masomo ya maandalizi pasipo sababu ya msingi. Asiye na rekodi za sekondari ya Marekani, kama wengi wetu, anaweza kujipangia mwenyewe kwa mwongozo wa chuo.

Nalisema hili kwa uchungu. Nimemwona mtu aliyefaulu hisabati kidato cha nne, hajagusa aljebra miaka kumi, amefanya mtihani huo asubuhi akitoka zamu ya usiku, macho mekundu. Alishushwa ngazi mbili. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kujiandaa wiki mbili na kurudia. Uliza kabla ya kuketi: mtihani ni wa lazima? Vyeti vyangu vya nyumbani mtavitazama? Kurudia kunaruhusiwa?

Dhana: Wanafunzi wakiridhika, wanajifunza

Kuridhika na kujifunza ni mambo mawili, na wakati mwingine yanavutana.

Katika chuo cha jeshi la anga la Marekani wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupima. Scott Carrell na James West walichapisha matokeo yao mwaka 2010: walimu waliosifiwa zaidi na wanafunzi ndio ambao wanafunzi wao walipata alama nzuri katika somo lenyewe, lakini wakafanya vibaya zaidi katika masomo yaliyofuata. Mwaka 2019, utafiti wa darasa la fizikia huko Harvard ulikuta kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa, wakitatua maswali wenyewe kwa makundi, walijifunza zaidi ya waliosikiliza mhadhara mtamu, lakini wao walijiona wamejifunza kidogo. Ukikokota jiwe unahisi uzito wake. Mhadhara mtamu unateremka kama uji.

Ndiyo maana hojaji inayotumika sana katika vyuo vya jamii, CCSSE, iliyoanzishwa mwaka 2001 katika University of Texas at Austin, huuliza zaidi kuhusu matendo kuliko furaha. Umeuliza maswali darasani mara ngapi? Umeandika rasimu mbili au zaidi kabla ya kukabidhi kazi? Umekuja darasani bila kusoma ulichoagizwa? Yanaonekana maswali madogo. Lile la rasimu mbili mimi nalipenda mno, maana meza ninayokalia na wanafunzi ni ya rasimu: aliyerudi mara ya pili na insha yake, karatasi imejaa mistari, karibu kila mara ameondoka akiwa mwandishi bora kuliko alivyokuja.

Haimaanishi kuridhika si kitu. Hojaji nyingine ya miaka mingi, ya kampuni ya Noel-Levitz, humuuliza mwanafunzi mambo mawili kwa kila jambo: lina umuhimu gani kwako, na umeridhika nalo kiasi gani, kwa ngazi saba. Penye umuhimu mkubwa na kuridhika kudogo, hapo ndipo pa kuanzia kazi. Watu wanaweza kulalamikia maegesho ya magari mwaka mzima wasiache masomo. Ofisi ya mshauri ikifungwa saa kumi na moja jioni, na wewe unatoka kazini saa kumi na moja, hilo linaweza kukutoa chuoni.

Dhana: Hojaji ni sauti ya wanafunzi wote

Mzee mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa akisoma Kiingereza chuoni aliniletea karatasi aisomewe. Iliandikwa: mwalimu wangu anaeleza vizuri. Achague kutoka "nakataa kabisa" hadi "nakubali kabisa". Nilipomtafsiria alinitazama kwa mshangao.

"Sasa mwanangu, mwalimu ananifundisha bure, mimi nimuandike vibaya?"

"Baba, hawataona jina lako."

"Mungu anaona."

Akaweka alama ya juu kila mstari, na mistari ilikuwa zaidi ya ishirini. Baadaye, tukinywa chai, akaniambia kuwa haelewi nusu ya yanayosemwa darasani kwa sababu mwalimu anaongea mbio. Lile neno, ambalo lingemsaidia yeye na wenzake wote, halikuingia kwenye karatasi. Heshima ya kwetu ni nzuri, siwezi kuikana. Lakini anayesoma jedwali la chuo hajui kwamba alama zile za juu zimeandikwa na heshima. Siku hizi huwaambia wazee: hapa kumwambia mwalimu ukweli kwenye karatasi ni kumsaidia, si kumvunjia adabu. Wengine wanakubali, wengine bado.

Kuna pengo kubwa kuliko hilo. CCSSE hujazwa muhula wa machipuko, ndani ya madarasa yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Aliyeacha chuo mwezi wa kumi hayupo darasani mwezi wa tatu. Nakumbuka nilipoijaza mimi, darasa la takwimu: viti vya nyuma karibu na dirisha, walipokuwa wakikaa vijana watatu mwanzoni, vilikuwa vimewekewa makoti yetu. Sisi tuliobaki ndio tulioulizwa jinsi chuo kinavyotusaidia. Kwa sababu hiyo hiyo iliundwa hojaji nyingine, SENSE, inayojazwa wiki ya nne na ya tano ya muhula wa vuli, wakati wageni bado wapo na mambo yaliyowakwaza siku za kwanza bado hayajasahaulika.

Dhana: Alama nzuri zinatosha kulinda msaada wa masomo

Hili limewaumiza wengi. Anayepokea ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo ambao kwa kawaida haurudishwi, au mkopo wa serikali kuu hupimwa maendeleo kwa mambo matatu: wastani wa alama, ambao vyuo vingi huweka 2.0 kati ya 4.0, kasi, yaani sehemu ya krediti ulizomaliza kati ya ulizojiandikisha, ambayo kwa kawaida ni asilimia 67, na kikomo cha asilimia 150 ya urefu wa kozi, krediti 90 kwa digrii ya krediti 60. Ukijiandikisha krediti 12 na kujitoa katikati kwenye 6 ukapata W, alama ya aliyejitoa, wastani wako hautaguswa, unaweza kuwa na A tupu. Kasi yako ya muhula huo ni asilimia 50. Kama ulifiwa au uliugua, chuo kinaweza kusikiliza rufaa. Andika barua, ambatisha karatasi za hospitali au tangazo la msiba, na useme wazi kilichobadilika.

Dhana: Wanaoacha ni wavivu

Mwaka 2007 City University of New York ilianzisha mpango uitwao ASAP katika vyuo vyake vya jamii. Mwanafunzi alisoma muda wote, akafidiwa karo iliyobaki baada ya misaada, akapewa vitabu, kadi ya usafiri ya kila mwezi, na mshauri mwenye wanafunzi wachache anaowajua kwa majina. Shirika la utafiti la MDRC liliwagawa wanafunzi 896 wenye kipato kidogo na wanaohitaji masomo ya maandalizi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine katika huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walioingizwa katika mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao. Ni watu wa aina moja, mitaa ile ile, kazi zile zile. Ulipojaribiwa katika vyuo vitatu vya Ohio ilikuwa 35 dhidi ya 19. Kwa kila mwanafunzi mpango ulikuwa ghali zaidi, lakini huko New York kila digrii iliyopatikana iligharimu kidogo kuliko kawaida.

Kadi ile ya usafiri haikutolewa ovyo. Ilitegemea mwanafunzi kushiriki katika mpango, na sehemu kubwa ya kushiriki ilikuwa kwenda kumwona mshauri. Aliyeanza kulegea, kwa ugonjwa au kwa kodi ya nyumba, kulikuwa na mtu wa kugundua mapema kwamba mwezi huu hajaja, na kumpigia simu.