Kioo cha gari kimegoma? Usikimbilie kununua mota

Jamani hili la vioo vya umeme tulizungumze, maana watu wanaliwa pesa bure kwa maneno yaleyale, kuanzia gereji za Mwanakwerekwe, Unguja, mpaka Chake, Pemba.

Linalotia khasara kuliko yote ni hili: "kioo hakipandi, basi mota imekufa." Si lazima! Umeme unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, swichi, halafu waya ziliomo ndani ya ile raba ya mikunjo baina ya bodi na mlango, ndo unafika kwenye mota, na mota nayo inavuta mashine inayopandisha na kushusha kioo, kwa hiyo popote hapo pakiharibika kioo kinasimama vilevile. Tia ufunguo oni bila kuwasha injini, washa taa ya ndani, bonyeza swichi uitazame taa. Ikififia kidogo umeme unafika, basi mota ndo nzito au kioo kimebana. Isipotikisika kabisa anza kutafuta kwenye fyuzi, swichi na waya. Ukisikia mota inazunguka na kioo hakendi, mara nyingi hiyo mota nzima, kilokatika ni kebo au vishikizo vya plastiki vya mashine. Na kioo cha abiria kikipanda kwa swichi yake ila kwa swichi ya dereva kinagoma, mota haina kosa lolote, tatizo liko kwenye swichi ya dereva au waya zake. Inaniuma kuona mtu yuko Wete anaagizia mota Unguja au Dar, anangoja boti, inafika ya kushoto naye anataka ya kulia, na tatizo lenyewe lilikuwa waya.

Waya hizo watu hawazitazami kwa sababu kwa nje zinaonekana nzima. Mlango wa dereva unafunguliwa kutwa, shaba inakatika ndani ya plastiki yake. Shika swichi huku mwenzako anauchezesha mlango taratibu, kioo kikistuka ndo hapo. Iungwe kwa kulehemu, si kusokotwa ukazungushiwa selotepu.

"Vioo vya abiria vyote vimekufa siku moja." Tazama kwanza kile kitufe cha kufungia vioo vya abiria kwenye mlango wa dereva, watoto wanakibonyeza sana.

"Fyuzi ikiungua tia kubwa zaidi, au kipande cha waya." Hapa nakuombeni kwa dhati, msikubali! Fyuzi ya ampea 20 imewekwa kulinda waya, ukitia ya 30 kinachopata moto ni waya wenyewe chini ya kapeti, na gari inaweza kuwaka na watu wamo ndani. Fyuzi ikiungua tena na tena kuna waya unagusa bodi au mota inavuta kupita kiasi, na fundi atafute hicho.

Kuna wanaopaka grisi kwenye raba za kioo ati kiteleze. Siku mbili tatu kinateleza kweli, halafu mchanga wa Paje na Jambiani unaganda mle, kioo kinazidi kuwa kizito, mota inapata moto na kinga yake ya ndani inakata umeme. Wengi hapo ndo wanasema imekufa, na ukiiacha dakika kadhaa ipoe inafanya kazi tena. Osha raba kwa maji na kitambaa, zikauke, pulizia silikoni, basi.

"Maji yakiingia mlangoni yameua kila kitu." Mlango wowote unaingia maji, umetengenezwa hivyo, yanapita pembeni ya kioo na kutokea matundu ya chini. Balaa ni matundu yakiziba mchanga, au fundi akichana ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya kava la mlango asiirudishe, maana ndo inayokinga swichi na spika. Kwetu huku hewa ya bahari ina chumvi, gari inayolala karibu na pwani viungio vya waya vinafanya kutu ya kijani hata kiangazi. Kabla ya masika safisha yale matundu kwa kijiti, na kila kava likifunguliwa simama uone nailoni inarudi mahala pake.

La mwisho, umebadilisha betri na kioo hakipandi chenyewe kwa mguso mmoja. Hakikuharibika, kimesahau tu mwisho wake. Kwenye gari nyingi unakishusha, unavuta swichi mpaka kifunge, unaendelea kushikilia sekunde chache. Fundi akikutaka pesa ya mota kwa hilo, funga mlango uondoke.