Ndoano ikishamezwa, usiivute

Wasafiri wa barabara ya Dodoma na Iringa wanaijua Mtera kwa samaki wa kukaanga. Ukishuka hadi ukingoni mwa bwawa, utawakuta vijana wakivua kwa mshipi, na huko ndiko nilikosikia mengi ya madai ninayoyajibu hapa, kuhusu kumtoa samaki ndoano na kumrudisha majini. Yananiuma, kwa sababu samaki mchanga anayerudishwa majini koo likiwa limechanika amerudishwa kufa.

"Ndoano lazima itoke, hata kama imemezwa."

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Ndoano ikiwa mdomoni, itoe: ishike shina kwa koleo, igeuze, irudi kwa njia ileile iliyoingilia. Ikishapita koo mambo ni mengine. Moyo wa samaki hauko katikati ya tumbo. Uko chini ya koo, nyuma tu ya matamvua, na matamvua yenyewe yamejaa damu. Damu hiyo nayo ni kidogo mno. Perege wa nusu kilo ana mililita 15 hadi 20 hivi, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai. Ukivuta mshipi kwa nguvu, ule mwiba mdogo wa ndoano, unaorudi kinyume nyuma ya ncha, unachana humohumo. Samaki anaweza kuogelea akapotea machoni pako, ukadhani umemwokoa, kumbe anakwenda kufia kilindini.

Kata mshipi karibu na ndoano kadiri unavyoweza kufika bila kuchokonoa, kisha mwachie. Tafiti zilizolinganisha samaki waliokatiwa mshipi na waliong'olewa ndoano kooni zimeonyesha mara nyingi kwamba waliokatiwa hupona zaidi. Baadhi huitema baada ya muda. Wengine nyama hukua ikaizunguka. Usimwachie na mshipi mrefu unaoning'inia, utanasa kwenye visiki.

"Basi haina neno, itayeyuka baada ya siku mbili tatu."

Haiyeyuki upesi hivyo. Ndoano ya chuma cha kawaida huliwa na kutu polepole, na ile isiyoshika kutu hukaa muda mrefu sana. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuzuia isimezwe. Usichomeke fimbo ukaenda kupiga soga kivulini: kadiri unavyochelewa, ndivyo chambo kinavyozama tumboni. Ubonyeze ule mwiba kwa koleo ulale. Ukipata ndoano ya duara, ambayo ncha yake imejikunja kuelekea ndani, itumie. Mara nyingi hunasa pembeni mwa mdomo, mradi usishtue fimbo bali ukaze mshipi taratibu.

"Kambale ni sugu, huyo hafi."

Naelewa inakotoka. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, na ngozi yake ikiwa na unyevu anaweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi. Mtu wa Hombolo, Dodoma, kwenye lile bwawa lililojengwa mwaka 1957, hashangai kumwona akifurukuta ndani ya kiroba. Lakini kustahimili hewa hakumponyi koo lililochanika. Tena yeye ndiye humeza zaidi, kwa ule mdomo mpana unaobugia nyambo au kipande cha sabuni kwa mkupuo. Mshike nyuma ya mapezi ya kifua, maana yana miiba inayochoma vibaya.

"Samaki hasikii maumivu."

Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, nchini Uingereza, walichunguza kichwa cha samaki aina ya trauti wakakuta neva zinazoitikia vitu vya kuumiza. Nyingine ziko midomoni, palepale ndoano inapoingia.

"Mshike kwa kitambaa kikavu asiteleze."

Kitambaa kikavu hufuta ute unaomkinga na maradhi. Lowesha mikono, na kazi yote ifanyike akiwa ndani ya maji au juu yake kidogo tu.

"Huyu ni kitoweo, kwa hiyo nivute tu."

Hata huyo hapaswi kuteswa. Muue kwanza kwa pigo moja zito kichwani, nyuma kidogo ya macho, halafu ndoano utaitoa wakati wa kumpasua. Na kama umekata mshipi ukaamua kumpeleka nyumbani, mwambie atakayempara kwamba ndoano imo tumboni.