Mfupa uliovunjika hauponi kwa kulala tu

Mtu akivunjika mguu, majirani humwambia: lala, usiukanyage hata kidogo mpaka upone kabisa. Ushauri huu unatokana na dhana kwamba mfupa ni kitu kikavu kisicho na uhai, kinachosubiri tu kugandana.

Mfupa u hai. Ndani yake zimo seli ziitwazo osteosaiti, zimekaa kwenye vishimo vilivyounganishwa na vijifereji vyembamba mno vyenye majimaji. Unapokanyaga, mfupa hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Majimaji husukumwa, hupita kando ya seli, nazo huhisi. Hapo hutoa ishara: seli zinazojenga ziongeze kazi, zinazobomoa zipunguze. Mzigo ukikosekana, ubomoaji hushinda. Ndiyo maana wanaanga, ambao huko angani miguu yao haibebi uzito, wasipofanya mazoezi ya kutosha hupoteza takriban asilimia 1 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Palipovunjika, mtikisiko mdogo huchochea gegedu (tishu nyororo kama ile ya sikio), ambalo baadaye hugeuka mfupa. Ukizidi, hurarua mishipa midogo ya damu na mfupa unaweza usiunge kabisa. Kwa hiyo plasta na vyuma vina kazi yake. Daktari Gavriil Ilizarov, huko Kurgan, Siberia, alionyesha kuwa mfupa uliokatwa ukivutwa taratibu kwa vyuma vilivyofungwa kuzunguka mguu, milimita 1 kwa siku, hujaza pengo kwa mfupa mpya. Wagonjwa wake walihimizwa kutembea wakiwa na vyuma vyao mguuni.

Basi usijiamulie. Muulize daktari wako: nianze lini kukanyaga, na kwa uzito kiasi gani?