Mtu akifilisika, michango yake ya pensheni huchukuliwa na wadai?

Katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mfanyabiashara wa dagaa aliyeweka nyumba rehani kisha mzigo wake ukaozea kwenye mvua huambiwa kwamba wadai watachukua kila kitu, hata akiba yake ya uzeeni. Dhana hii si sahihi na ina madhara, kwa sababu anayeiamini huacha kuchangia wakati ambao akiba hiyo ndiyo mali pekee iliyobaki na kinga.

Ifahamike kwanza kwamba kushindwa kurejesha mkopo hakumfanyi mtu kuwa muflisi. Muflisi ni yule aliyetangazwa hivyo na mahakama, na mali zake huwekwa chini ya mfilisi ili zigawanywe kwa wadai. Michango iliyomo NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), au PSSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma) kwa mtumishi wa umma, haiingii katika mgawo huo. Dalali wa mahakama anaweza kupiga mnada mtumbwi, injini na majokofu ya sangara, lakini hana mamlaka ya kwenda kwenye mfuko kudai michango ya mwanachama.

Wengine hudhani kwamba, kwa kuwa fedha hizo ni zao, wanaweza kuzitoa ili walipe madeni. Kufilisika si sababu ya kulipwa mafao. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60, na pensheni ya kila mwezi huhitaji michango ya miezi 180. Lipo fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, lakini humhusu mwajiriwa aliyepoteza kazi baada ya kuchangia angalau miezi 18, wala si mwenye duka aliyefunga biashara yake.

Dhana inayowagharimu wengi zaidi ni kwamba mafao yana kinga daima, hata yakishalipwa. Mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, ukishaingia benki na kuchanganyika na fedha nyingine, mstaafu hapaswi kutegemea kwamba wadai hawataufikia. Hata Uingereza, ambako tangu tarehe 29 Mei 2000 pensheni nyingi zilizoidhinishwa hazihesabiwi katika mali ya muflisi, kipato cha pensheni ambacho muflisi amekwisha kuanza kulipwa kinaweza kukatwa kwa ajili ya wadai kwa muda usiozidi miaka 3. Kwetu, hatari iliyo karibu zaidi ni mikopo ya kausha damu, yaani ya mitaani yenye riba kubwa: mstaafu anayemkabidhi mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri amemfungulia mlango ambao sheria ilikuwa imeufunga, na kila mwezi pensheni ikiingia, mkopeshaji ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine.

Linabaki suala la mwajiri kufilisika. Kiwanda cha minofu kikifungwa, wafanyakazi huamini kwamba michango yao imekufa nacho, ilhali iliyokwisha kuwasilishwa iko kwenye mfuko kwa jina la kila mmoja. Iliyokatwa kwenye mshahara bila kuwasilishwa ndiyo yenye shida, kwa kuwa hiyo ni deni la kiwanda ambalo bado halijalipwa. Kwa hiyo mfanyakazi alinganishe hati zake za mshahara na taarifa ya michango mwezi kwa mwezi, na akiona pengo alipeleke ofisi ya mfuko angali kazini, kabla mfilisi hajaanza kuorodhesha mali.